Nguzo ya ngazi inacheza, na aliyeitengeneza ni shemeji yangu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Kigoma. Nyumba yetu iko mlimani, upande wa Mwanga. Kiwanja kinateremka, ndiyo maana mume wangu alijenga ghorofa: chini sebule, jiko na chumba kimoja, juu vyumba vitatu. Katikati kuna ngazi ya mbao yenye vidato kumi na vinne. Ngazi hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Ilitengenezwa mwaka 2009 na kaka mkubwa wa mume wangu. Ni seremala, alijifunza kazi Tabora akiwa kijana. Vidato ni mninga mtupu. Hakuchukua hata shilingi ya ufundi. Alikaa kwetu wiki sita, akila ugali na migebuka, akilala kwenye mkeka pale pale sebuleni kati ya maranda. Siku alipomaliza kupiga vanishi alimwita mume wangu akamwambia, "Panda." Akapanda. "Shuka." Akashuka. "Basi, sasa una nyumba." Mume wangu humsimulia kila mgeni kisa hicho, mpaka watoto wanakimalizia wao.

Sasa ile nguzo ya chini kabisa, inayoshika reli ya mkono, inacheza. Ilianza mwaka jana kidogo kidogo, kama jino la mtoto. Leo nikipanda na sinia la chai nikaishika, inakuja na mkono, chai yote inabaki kwenye visahani. Nilikunja kipande cha boksi la sabuni nikakichomeka pale chini, asubuhi nikakikuta kimedondoka. Kidato cha tatu nacho kinalia kwa sauti ya mlango wa banda la kuku, na watoto wamezoea kukiruka. Mtoto wangu wa mwisho, ana miaka tisa, hashuki ngazi kama binadamu. Anakuja mbio, anaidaka nguzo, anajizungusha nayo mpaka katikati ya sebule. Nimemgombeza hadi nimechoka.

Shangazi, nina kapeti. Nililinunua kwa hela ya mchezo wetu wa akina mama, likaja na basi kutoka Dar es Salaam. Lina rangi ya damu ya mzee na maua ya njano. Tangu Juni limesimama nyuma ya kochi, limefungwa kwenye nailoni. Jumamosi ya mwisho ya Septemba wakwe wanaleta mahari ya binti yetu mkubwa, na nataka ngazi iwe imevaa. Wiki moja kabla, mama mkwe anashuka kutoka Kasulu, na huyo anakuja kukaa moja kwa moja. Ana miaka 86. Mume wangu anataka alale juu kwa sababu kuna utulivu.

Mwezi uliopita nilimwita kijana mmoja fundi, mume wangu akiwa kazini. Alimulika na simu, akaitikisa nguzo, halafu akauliza, "Mama, nani aliwafanyia hii kazi?" Niliona aibu, nikasema ni fundi mmoja wa zamani. Akasema inabidi afungue kidato cha kwanza atie bolti, siku tatu, laki moja na themanini pamoja na vifaa. Kumbe mtoto alikuwa amekaa pale anasikiliza. Jioni akamwambia baba yake, "Baba, fundi amesema ngazi ya Baba Mkubwa ni mbovu." Fundi hakusema hivyo, lakini mtoto ndivyo alivyobeba.

Mume wangu alinyamaza mpaka tulipomaliza kula. Kisha akasema, "Usimwaibishe kaka yangu. Weka kapeti, itabana." Kesho yake aliondoka bila kunywa chai. Si mtu mbaya, Shangazi. Huyo kaka ndiye aliyemsomesha, kidato cha kwanza hadi cha sita, kwa kuuza meza na makabati. Sasa ana miaka 68, anaishi Ujiji, macho yamefunga ukungu na ni moja tu lililofanyiwa upasuaji. Kila Jumapili anakuja kwetu, na kila akiingia, kabla hajakaa, anapitisha kiganja juu ya ile nguzo. Mimi nasimama mlangoni pa jiko namwomba Mungu isitikisike.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Usiku mmoja mume wangu akiwa msibani nilichukua nyundo na misumari mitatu ya inchi nne, nikaipiga mshazari pale chini ya nguzo. Siku mbili ikatulia. Ya tatu ikaanza tena, na sasa kuna ufa wenye urefu wa kidole. Nimeupaka rangi ya viatu ya kahawia usionekane.

Nifanye nini? Nipige kapeti ninyamaze? Nimsubiri mume wangu asafiri nimwite yule kijana? Nimwambie shemeji mwenyewe? Kila njia naona kuna mtu anaumia.

Mama wa Mlimani, Kigoma

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na pole. Ile rangi ya viatu imenichekesha, kisha ikanihuzunisha. Mtu hapaki rangi ya viatu kwenye nyumba yake mwenyewe usiku bila kuwa amechoka.

Ngoja niseme nilivyokuelewa, kama nimekosea utanirekebisha. Nguzo moja imelegea na kidato kimoja kinalia. Una mwezi na kidogo kabla nyumba haijajaa wageni. Una kapeti ambalo likishapigwa hutataka kuling'oa. Ukarabati unaohitajika unaonekana kama hukumu juu ya mikono ya mtu aliyeilea familia nzima kwa msumeno. Mumeo amefunga mlango wa mazungumzo, na wewe unatafuta dirisha. Nimesoma barua yako mara mbili nikaona nguzo yenyewe umeipa mistari michache, shemeji na mumeo umewapa iliyobaki. Kwa hiyo na mimi nitajibu yote mawili, ila naanza na mbao, kwa sababu hizo hazinuni.

Kwanza hili la "kapeti itabana". Kapeti ni kitambaa. Litaziba mlio kidogo na kuuficha ufa, lakini uzito wa mtu aliyejikwaa halitaushika. Nguzo hiyo ipo kwa ajili ya sekunde ile moja ambayo mguu umeteleza na mkono unatafuta pa kushika. Tena kapeti la ngazi hupigwa likabanwa kwenye kona ya kila kidato. Kidato cha tatu kikiendelea kupanda na kushuka chini yake, ile misumari midogo itakuwa inavutwa kila siku mpaka ichomoze. Ukija kutaka kurekebisha baadaye utalifungua kapeti kuanzia chini, na likishatobolewa na kupakwa gundi halirudi lilivyokuwa. Hela ya mchezo hiyo. Mumeo sidhani kama anasema uongo. Naona anasema neno lililo karibu na mdomo ili asiseme lile lililo mbali.

Jambo la pili, na hapa nakuuliza kwa upole: nani amesema kulegea kwa nguzo ni kosa la shemeji? Kijana aliuliza tu swali. Mafundi wote huuliza swali hilo, mwanangu. Fundi bomba akifungua sinki, fundi umeme akifungua swichi, neno la kwanza ni "nani alifanya hii?" Ni salamu yao ya kazi. Mtoto wa miaka tisa akaigeuza kuwa habari, na habari ikala chakula cha jioni pamoja nanyi.

Hebu tuihesabu nguzo yenyewe. Ina urefu wa kama mita moja. Tuseme imeshikwa pale chini kwa sentimita kumi tu. Anayeisukuma juu kwa nguvu kidogo anakuwa ameshika mwisho wa mtarimbo: pale chini, mbao na misumari vinapokea karibu mara kumi ya nguvu hiyo. Sasa mtie kijana wako anayejizungusha nayo kila asubuhi akienda shule, na wakubwa zake waliomtangulia kwa mchezo huo huo tangu 2009. Ongeza deki. Maji ya deki yanasimama kwenye unyayo wa nguzo kila siku, mbao inayanywa kwa chini, inavimba, inakauka, inavimba. Ongeza misimu ya Kigoma: kuanzia Juni hewa ni kavu na mbao inasinyaa, masika ikirudi inatanuka. Mninga una sifa ya kutocheza sana, ndiyo maana mafundi wa Tabora wanaupenda kwa milango na samani. Lakini umesema vidato ndivyo mninga, nguzo hukuitaja. Na hata mninga ukifungwa kabla haujakauka sawasawa, au ukishikwa kwa misumari mitupu, siku moja tundu la msumari litapanuka. Zaidi ya miaka kumi na mitano ya kushikwa, kuzungukwa na kulowa. Mimi ningeiita uzee kabla sijaiita kazi mbovu. Lakini sijaiona, na wewe hujaona ndani.

Ndiyo maana kabla ya kumwita mtu yeyote ningependa ujue inapolegea. Unahitaji watu wawili na tochi. Mmoja aitikise nguzo polepole, mwingine alale kifudifudi aangalie mwanya unafunguka wapi. Ukifunguka pale inapokanyaga sakafu, tatizo liko kwenye unyayo. Ukifunguka pale inapokutana na ubao mrefu wa ubavuni, ule unaobeba vidato, basi kiungo hicho ndicho kimeachia. Na kama nguzo imetulia ila reli ya juu ndiyo inayotembea, nguzo inasingiziwa. Ni magonjwa matatu tofauti na bei zake tofauti. Yule kijana alimulika na simu dakika chache. Huenda amepatia, sisemi hajui. Ila laki moja na themanini ni hela, na ungemsikiliza vizuri zaidi ukiwa umeshaona kwa macho yako.

Halafu chini ya ngazi. Nyumba nyingi zina stoo pale, na stoo nyingi zina gunia la mkaa, dumu la mawese na baiskeli isiyo na mnyororo. Vitoe. Ingia na tochi uangalie kidato cha tatu kwa chini wakati mtu anakikanyaga. Mara nyingi mlio ni ubao wa kukanyagia unaosugua msumari wake, au umeachana kidogo na ubao wa kusimama ulio nyuma yake. Dawa yake si kubwa. Fundi huweka kipande cha mbao cha pembe tatu kwenye kona ile kwa chini, gundi ya mbao na skrubu, akikwangua kwanza vumbi na vanishi kwa sababu gundi haishiki juu ya uchafu. Na atoboe tundu dogo kabla ya kutia skrubu. Kwenye mbao ngumu, skrubu inayolazimishwa hupasua ubao au hukatika kichwa. Kazi yote inafanyika kwa chini, anayepita juu haoni hata alama.

Ukiwa humo ndani, gonga mbao kwa mpini wa bisibisi, ukianzia chini. Mbao nzima inaita kwa sauti ya kujaa. Ikiitika kama debe tupu, au ncha ya bisibisi ikizama bila kutumia nguvu, au ukiona vijinjia vya udongo vimepanda ukutani kama mishipa, hao ni mchwa. Hapo mambo ya bolti yanasubiri, na aibu ya mtu yeyote inasubiri pia, kwa sababu mchwa hawana undugu na nguzo peke yake. Tafadhali usiliruke hili. Kapeti juu ya mchwa ni blanketi.

Bolti alizotaja kijana zina maana yake. Bolti mbili, moja juu ya nyingine, zikipita kwenye nguzo na ule ubao wa ubavuni, zenye washa na nati, hushika kuliko misumari kwa sababu zinavuta vitu viwili viwe kimoja. Muulize kama nati anaweza kuziacha upande wa stoo. Mbao ikisinyaa tena kiangazi kingine, mtu anaingia na spana anazungusha nusu mzunguko, kapeti halijaguswa. Kama ugonjwa uko kwenye unyayo, kuna bolti zinazopanuka ndani ya zege, lakini hapo lazima nguzo inyanyuliwe, na ndiyo maana anataka kufungua kidato cha kwanza. Kitu kimoja zaidi: mvua zikianza mbao itavimba na nguzo inaweza kutulia yenyewe. Isikudanganye ukadhani imepona.

Haya, sasa watu.

Umeandika sentensi moja ukapita haraka, mimi nimekaa nayo siku mbili. Umesema kila Jumapili shemeji, kabla hajakaa, anapitisha kiganja juu ya ile nguzo. Wewe unaomba isitikisike. Umewahi kujiuliza anapapasa nini? Huyo ni seremala ambaye macho yamepungua. Kiganja ndicho jicho lake sasa. Mtu aliyeipiga randa nguzo hiyo kwa mikono yake, akaipitia kwa msasa, ukimpa ashike atajua kama imesogea unene wa karatasi. Inawezekana anaisalimia tu kazi yake, wazee wana mambo hayo. Inawezekana pia anajua tangu mwaka jana, na anasubiri mwenye nyumba aseme, kwa sababu na yeye anaona aibu kuanza. Katika hayo mawili silijui lililo kweli. Wewe umechukua moja ukalifanya ndilo, na mumeo vilevile, na nyumba nzima inatembea kwa vidole kuzunguka mzee ambaye hakuna aliyemuuliza.

Kumuuliza si lazima iwe kumshtaki. Kuna tofauti kati ya "Shemeji, ngazi yako imeharibika" na "Shemeji, mama anakuja, nataka nguzo iwe imara kuliko ilivyo, wewe ndiye unajua ulivyoifunga, tuanzie wapi?" La pili ni kweli tupu, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayejua kama ndani kuna ulimi umeingia kwenye tundu au ni misumari, na ilipopita. Kijana yeyote angeokoa nusu siku akiambiwa hayo. Hatari yake ipo, sikufichi. Anaweza kusema "nitakuja mwenyewe", akaja na patasi na jicho moja, na utakuwa na shida mpya ya kumzuia mzee asijikate. Au akaahidi, Septemba ikaisha akiwa bado anatafuta mbao. Au akanyamaza kimya kile kinachokaa ndani ya mtu. Wewe unamjua, mimi namjua kwa ugali na migebuka tu.

Njia ya kumsubiri mumeo asafiri naielewa. Ina haraka, na kazi huenda ikafanyika vizuri. Ila una shahidi wa miaka tisa ndani ya nyumba, na umeshaona anavyotunza siri. Kigoma nayo si Dar es Salaam. Kijana aliyefungua ngazi Mwanga atanunua mbao mahali ambapo mtu wa Ujiji ananunua mbao. Mumeo akijua kwa nje, hoja haitakuwa nguzo tena, itakuwa mgongo wake. Pengine ungeona inafaa kulipa gharama hiyo kwa sababu ya usalama wa mama mkwe. Wapo wanawake walioilipa na hawakujuta, na wapo waliojuta. Mimi siwezi kukupimia.

Kuna kuzungumza na mumeo kwanza, na hapa nina wazo dogo. Wewe unamzungumzia nguzo, yeye anasikia ada ya shule. Mtu aliyesomeshwa kwa meza na makabati anapoambiwa kazi ya yule aliyemsomesha imelegea, anajisikia kama deni limeitwa mbele ya watu. Labda siku moja mkiwa wawili usianze na ngazi kabisa. Muulize kaka yake alikuwa anajisikiaje zile wiki sita, walikuwa wanaongea nini usiku. Halafu umwambie kuhusu kile kiganja cha Jumapili, kama nilivyokuambia mimi, kwa kuuliza. Sijui atajibu nini. Anaweza kukasirika tena. Lakini huenda yeye mwenyewe hajawahi kukitazama kile kiganja, kwa sababu wakati huo anakuwa anapokea wageni na wewe uko mlangoni pa jiko.

Na ukiwa naye, mtumie mama. Mwanamke wa miaka 86 atapanda vidato kumi na vinne mara ngapi kwa siku? Umesema kuna chumba chini. Utulivu wa juu ni mzuri, lakini choo usiku kikiwa mbali na mguu mzito, utulivu unageuka. Huenda mumeo hajalihesabu hilo. Akilala chini kwa miezi ya mwanzo, haraka yote inapungua nusu, na ngazi inapata muda wake.

Sasa kapeti lako, na hapa utanisamehe. Maua ya njano yanapendeza kwenye sakafu. Kwenye ngazi, maua hukificha kipeo cha kidato. Mwenye macho mazuri hajali, lakini shemeji mwenye ukungu na bibi wa miaka 86 wanahitaji kuona kidato kinaishia wapi, na maua yanawachanganya. Kama tayari limenunuliwa, muulize fundi wa kapeti kama anaweza kuweka ukanda wa rangi moja kwenye kila ukingo. Mwambie pia alivute vizuri lisiache tumbo pale mbele. Na kama kapeti litaishia kwenye kidato cha chini huku sakafu ya sebule ikibaki vigae, kidato cha kwanza kitaongezeka urefu kwa unene wa kapeti na sponji yake, na cha mwisho juu kitapungua kama korido ya juu haina kapeti. Ni sentimita moja au mbili, lakini mguu wa mzee una kumbukumbu, hujikwaa kwenye kile kidato kisicholingana na wenzake.

Kuna jambo moja hukuliweka kwenye orodha yako, nami naliweka hapa bila kulisukuma: kapeti libaki nyuma ya kochi mpaka Oktoba. Wakwe wakileta mahari watakaa sebuleni na barazani. Nani atawapandisha vyumbani? Wataiona ngazi ya mninga iliyofutwa vumbi na kupakwa vanishi, iliyotengenezwa na baba mkubwa wa bibi harusi, naye mwenyewe amekaa pale na kanzu yake. Labda mumeo atasimulia kile kisa cha "panda, shuka". Hasara ni kwamba wewe ulitaka ngazi ivae siku hiyo, umeisubiri tangu Juni, na hamu hiyo siidharau. Mwanamke anayeweka akiba kidogo kidogo ana haki ya kuona kapeti lake siku ya mtoto wake. Tena nguzo isipotengenezwa, hata bila kapeti bado ni nguzo inayocheza, na nyumba imejaa watoto wa wageni. Angalau siku hiyo mtu aifunge au aisimamie.

Najua ulikuwa unasubiri nikutajie ule ufa na ule ukuta. Sitaji, unaujua kuliko mimi, umeupaka na rangi ya viatu.

Kama utapima kwa tochi wiki hii, niandikie uliona mwanya wapi. Na ile misumari yako mitatu usione haya kuisema. Imepigwa mshazari ndani ya mbao, kwa nje haionekani, na patasi au msumeno ukikutana nayo unaharibika meno, au unamruka fundi mkononi. Awe ni shemeji, awe ni yule kijana, mkalishe chini, futa ile rangi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, umwonyeshe kwa kidole: hapa, hapa, na hapa.